Jina Lililokuja kwa Miguu

Mwalimu Ganpat alifika nyumbani kwa Suraj siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mama Bhanwar akiwa anabandika mavi ya ng'ombe ukutani yakauke yawe kuni. Mwalimu alikuwa na daftari kubwa la serikali kwapani, mwavuli mkononi, na kichupa cha wino kilichoning'inia shingoni kwa kamba kama hirizi. Shule yake ilikuwa kijiji cha pili, lakini mwaka ule serikali iliwatoa walimu madarasani ikawatuma kuandika watu. Nchi ilikuwa imejitawala, na sasa kila mtu mzima angepiga kura, mwanamume kwa mwanamke.

Alikaa uani kwenye kitanda cha kamba, akapewa maziwa ya mgando, akayanywa yote, akafuta masharubu, akafungua daftari.

"Jina?"

Mama Bhanwar alivuta ushungi ukamfika kidevuni, akaendelea kubandika.

"Mama Bhanwar."

"Hilo ni jina la mwanao."

"Basi andika mke wa baba yake Bhanwar."

"Na huyo baba yake Bhanwar anaitwa nani?"

Mke hamtaji mumewe kwa jina, na mwalimu alilijua hilo, lakini daftari lilikuwa na nafasi ya kujazwa. Mama Bhanwar akanyoosha kidole chenye mavi kuelekea angani.

"Mungu?" akauliza mwalimu.

Kidole kikatikisika kukataa, kikasogea upande wa mashariki.

"Mbingu? Wingu? Ahaa, jua. Suraj!"

"Tangu aolewe hajalitaja jua," alisema mama mkwe wake kutoka jikoni, kwa fahari. "Husema 'yule wa juu katoka,' 'yule wa juu kanichoma.' Huyu ana adabu. Andika na hilo."

"Hakuna nafasi ya adabu, bibi," akasema mwalimu. Kisha akamgeukia tena Mama Bhanwar. "Na wewe mwenyewe? Jina lako wewe."

Mama Bhanwar akaacha kubandika. Alilitafuta jina mdomoni, chini ya ulimi, nyuma ya magego, kote. Hakulipata.

"Sinalo hapa," akasema. "Nadhani lilibaki kwetu."

Mwalimu hakuuliza zaidi. Nyumba ile ilikuwa ya saba tangu asubuhi, na katika zote saba jina lilikuwa limebaki kwao. Katika kijiji kile cha Nimbasar bibi harusi alifika kwa mumewe na vyungu, matandiko na machozi yake. Jina halikuwa miongoni mwa mizigo. Lilibaki kwa wazazi, kizingitini, na mama mkwe hakulihitaji, kwani yeye alikuwa na majina yake ya kumpa: kwanza "we msichana," halafu "we mwanamke," halafu, akijaaliwa mtoto wa kiume, mama fulani. Mwalimu akaandika kwa mwandiko mzuri, Mama Bhanwar, mke wa Suraj, miaka arobaini au karibu na hapo, akakunja mwavuli akaenda nyumba ya nane.

Baada ya mwezi mmoja alirudi na barua. Aliwakusanya wanaume penye birika la kunyweshea ngamia akawasomea. Wanawake walioandikwa kwa majina ya watu wengine hawatambuliki. Muda umeongezwa siku thelathini. Asiyeleta jina lake mwenyewe atafutwa.

"Jina la mke wangu lisomwe mbele ya makarani?" akasema Harkha, mwenye ngamia watatu. "Afadhali mtundike chupi yangu barabarani watu waisome."

"Ile haisomeki, imetoboka yote," mtu akajibu kutoka nyuma, na wote wakacheka, hata ngamia mmoja akageuza shingo.

Mwalimu akamwuliza Suraj, "Wewe mkeo anaitwaje?"

Suraj alikuwa mtu mpole, mpenzi wa chai, aliyemwogopa mama yake kuliko ukame. Alifikiri kwa bidii mpaka paji la uso likamkunjamana.

"Nililisikia siku ya harusi," akasema. "Lakini ngoma zilikuwa zinapigwa."

Majina yalipataje habari, hakuna aliyeuliza. Habari haina miguu lakini haikosi kufika. Siku ya tisa, Mama Bhanwar na jirani yake, Mama Tejo, walikuwa wanarudi kisimani, mitungi kichwani, mwendo wa saa nzima juu ya mchanga. Walipofika kwenye kona ya zizi la Harkha walikuta msichana wa miaka kumi na miwili hivi amekaa njiani, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alivaa sketi ya kijani, na jino lake moja la mbele lilikuwa limemeguka.

Mama Bhanwar aliitambua sketi kabla ya kumtambua msichana. Ilishonwa na dada yake mkubwa, na upindo mmoja ulikuwa umekwenda upande.

"We ni wa nani?" akauliza Mama Tejo.

"Wa huyu," akasema msichana, akimwonyesha Mama Bhanwar kwa kidevu. "Mimi ni jina lake. Nimesikia kuna kuandikwa."

"Umetembea siku ngapi?"

"Tatu. Ya pili nilipata mkokoteni wa chumvi."

"Na unaitwaje?"

"Dhapu."

Mama Bhanwar alisimama tuli na mtungi wake. Maji hayakumwagika. Alikumbuka, yote kwa mara moja, sauti ya mama yake ikiita jina lile kutoka darini, na alikumbuka pia maana yake. Dhapu ni kushiba. Yeye alikuwa binti wa tano, na wazazi wake walimpa jina lile ili miungu isikie na iache.

"Twende basi," akaliambia. "Utapigwa na jua." Akashika mdomo. "Utapigwa na yule wa juu."

"Mimi naweza kusema jua," likajibu jina. "Mimi sijaolewa."

Mama mkwe alikuwa mlangoni anapembua uwele. Alilitazama jina kutoka utosini hadi kwenye nyayo.

"Mdomo mwingine huo wa kulishwa?"

"Mimi ni jina, bibi, sili sana."

"Sana ni kiasi gani?"

"Mkate mmoja. Na samli."

"Samli!" akasema mama mkwe. "Sikiliza jina linavyotaka samli. Enzi zetu majina yalijua kukaa yalipoachwa. Unaitwa nani?"

Lilipomwambia, akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Tumeshiba! Na baada yako walizaliwa mabinti wangapi?"

"Wawili."

"Basi hawakushiba," akasema mama mkwe, akasogea kulipisha lipite.

Suraj aliporudi shambani alilikuta limekaa juu ya kihenge cha uwele, linaning'iniza miguu.

"Huyu nani?"

"Jina la mkeo," mama yake akamjibu.

Suraj alikaa chini kuvua viatu. Kilichotoka kwenye kiatu cha kwanza kilikuwa mchanga, na cha pili vilevile. "Mbona dogo hivi?"

"Ndivyo lilivyokuwa siku ulipomwoa mwenyewe likabaki."

"Aa," akasema Suraj. "Chai ipo?"

Juma lile majina mengine yalifika. La Mama Kishna, Gavri, lilifika na homa, likalazwa siku mbili. Mawili ya wake wa ndugu yaligombana mlangoni lipi liingie kwanza, na wenyewe nao wakaacha kuzungumza. Siku ya kumi na nne alifika mchuuzi mmoja wa chumvi juu ya ngamia, na mbele yake, limeegemea kifua chake likiwa usingizini, lilikuwa jina la miaka saba, limevaa bangili kubwa kuliko mikono yake.

"Linasema ni Jamna," mchuuzi akaeleza. "Linasema ni la bibi wa nyumba hii."

Mama mkwe hakusema neno kuhusu enzi zao. Yeye mwenyewe alilipokea jina kutoka kwa ngamia, ingawa mgongo ulikuwa ukimsumbua, akaliosha uso kwa maji ya moto, akafungua sanduku lake, akatoa kipande cha sukari guru alichokuwa amewaficha watu wote tangu sikukuu ya Diwali. Akakaa akilitazama likila. Alipoona Mama Bhanwar anamwangalia akamkemea, "Huna kazi?"

Nyumba ikazoea. Sugni, binti wa Mama Bhanwar, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ameshachumbiwa, alilala mkeka mmoja na Dhapu, na asubuhi alikuja jikoni na habari.

"Mama, kumbe ulikuwa mkorofi! Anasema ulimpiga kibao mtoto wa mkuu wa kijiji."

"Aliniita mfupi."

"Anasema ulipiga mbinja mpaka ngamia wa watu wakavunja mstari."

"Jina halipaswi kusema kila kitu," akasema Mama Bhanwar, lakini alipokuwa peke yake zizini alikunja midomo akajaribu. Ulitoka upepo tu. Ng'ombe akamtazama.

Mama Tejo peke yake hakupata mgeni. Kila alasiri alikwenda kusimama kwenye kona ya zizi la Harkha, akiwa amejitanda ushungi mzuri. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mchanga, mwendo wa siku mbili, na alipoolewa ilikuwa ni mchanga tu. Miaka minne iliyopita wakubwa walikata nchi, na kwao kukaangukia upande wa pili. Siku ya ishirini, msafara wa ngamia ulileta habari. Jina lake lilitoka nyumbani mapema kabisa, kabla ya mengine yote, lakini lilizuiwa mpakani kwa kukosa kibali. Afisa wa upande mmoja alisema ni jina la huku. Wa upande wa pili alisema ni la kule. Lilikuwa limekaa chini ya kizuizi, msichana wa miaka kumi na minne mwenye kitambaa chekundu, na askari wa pande zote mbili walikuwa wakilipa mkate kwa zamu.

"Hamkuliuliza linaitwaje?" akasema Mama Tejo.

Msimamizi wa msafara alikuna shingo. "Tuliliuliza, dada. Likasema litakwambia mwenyewe."

Siku ya ishirini na tisa mwalimu Ganpat alikuja na kichupa chake. Majina yalipanga mstari uani kwa Suraj, na kila moja likajitaja kwa sauti, na mwenye jina akaweka dole gumba. Ilipofika zamu ya Mama Tejo hapakuwa na mtu wa kujitaja.

"Mwandike lolote, bwana mwalimu," akasema Mama Bhanwar. "Mwandike Gavri."

"Gavri yupo."

"Basi liandike langu mara mbili. Tutagawana."

"Serikali haigawanyi majina," mwalimu akajibu, kwa huruma. Alichukua rula akapiga mstari juu ya Mama Tejo ili unyooke, kwani alikuwa mtu nadhifu, akaupulizia ukauke.

Siku ya kura ilikuwa mwezi wa kwanza, baridi ya kuuma masikio. Suraj aliwapa wanawake wake maelekezo mlangoni. Masanduku yangekuwa matatu nyuma ya pazia, moja limechorwa ngamia, moja taa, moja mti. Karatasi itiwe kwenye ngamia. Mgombea wa ngamia alikuwa mtoto wa ndugu yake bwana mwenye ardhi ya kijiji, na aliahidi kisima.

"Kisima wapi?" akauliza Mama Bhanwar.

"Kisima. Kisima ni kisima."

"Naam, baba Bhanwar."

Walitembea saa mbili hadi kwenye shule ya mwalimu Ganpat, wanawake arobaini na kitu, kila mmoja na jina lake mkononi. Mama mkwe alikuwa amebeba la kwake mgongoni, na alimkatalia kila aliyejitolea kumpokea. Mama Tejo alikuja pia. Alisema atawashikia watoto.

Msimamizi wa kituo alitoka mjini. Alikuwa na mafua, amezungushia shingo shali mbili, na alikuwa na kijitabu cha kanuni ambacho alikisoma kila alipopata nafasi. Foleni ya wanaume ilikuwa imekwisha zamani. Akafungua orodha ya wanawake.

"Dhapu, mke wa Suraj."

"Abee!" likaitika jina.

Msimamizi alilitazama juu ya miwani. "Huyu hajafika miaka ishirini na moja."

"Hilo ndilo jina, bwana," akasema Mama Bhanwar kutoka ndani ya ushungi. "Mwenyewe ni mimi."

"Wewe unaitwa nani?"

"Mama Bhanwar."

Msimamizi alipitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini. "Mama Bhanwar hayumo. Dhapu yumo, lakini ni mtoto. Wewe ni mtu mzima, lakini humo." Alipiga chafya. Akafungua kijitabu, akasoma kurasa mbili, akakifunga. "Kanuni inasema anayepiga kura aitike kwa jina lake. Aitike mwenyewe, sio kuitikiwa."

"Sasa tufanyeje?"

"Mimi ni msimamizi tu, mama. Itika, au pisha mwingine."

"Mwingine nani, bwana? Wote ndivyo tulivyo," akasema Mama Kishna, na kweli nyuma yake kila mwanamke alikuwa ameshika msichana.

Mama Bhanwar alilitazama Dhapu, na Dhapu likamtazama yeye. Akajisemea jina moyoni, halikushika. Mtu hajiiti. Walinzi wawili mlangoni wakaanza kunong'ona kwamba wangefunga mapema wakaote moto. Baridi ilikuwa inapanda kutoka sakafuni. Mama mkwe, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, mgongo unamwuma na mtoto wa miaka saba anamkoromea sikioni, uvumilivu ukamwishia.

"Dhapu!" akafoka. "Umeganda hapo kama kigingi! Sogea watu wapite!"

"Naam, mama," akaitika Mama Bhanwar, na miguu yake ilikuwa imeshasogea.

Mkono wake wa kushoto haukuwa umeshika kitu. Msichana wa sketi ya kijani hakuwepo tena, wala kwenye foleni, wala uani.

"Umeitika," akasema msimamizi, akaridhika, akampaka wino kwenye kidole, akampa karatasi. "Nyuma ya pazia."

Lakini hakwenda nyuma ya pazia mara moja, kwa sababu msimamizi alikuwa ameshasoma la pili. "Jamna, mjane." Kumwita mama mkwe wa mtu kwa jina ni kazi ya aliyemzidi umri, na aliyemzidi umri mama yake Suraj hakuwepo pale, wala Nimbasar, labda wala duniani. Bikizee alisimama wima kadiri alivyoweza. Hakumwomba mtu. Alitazama ukutani, penye ramani ya nchi, na bangili za jina zikawa zinagongana taratibu mgongoni kwake.

Mama Bhanwar alifumba macho.

"Jamna," akasema. Halafu kwa haraka, "Unisamehe, mama."

"Abee," akaitika mama mkwe, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa kula. Akanyoosha mgongo, ambao sasa haukuwa na mzigo. Kisha akapata sauti yake ya siku zote. "Na iwe mara ya mwisho."

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Wanawake waliitana mmoja baada ya mwingine, Gavri, Nainu, Rukma, Sua, wengine kwa kicheko, wengine kwa ukali, na uwanja ukapungukiwa na wasichana hadi ukabaki na watoto wachanga tu, na Mama Tejo akiwa amewabeba wawili.

"Niiteni na mimi," akasema dirishani.

"Kwa lipi, shoga?"

"Jaribuni. Nitalijua nikilisikia."

Wakajaribu. Walimwita kila jina la mwanamke walilowahi kulisikia, majina ya mashangazi, ya marehemu, ya mito. Kwa kila moja alitega sikio, akangoja, akatikisa kichwa. Msimamizi aliwaacha wakamaliza, akafunga orodha.

Nyuma ya pazia Mama Bhanwar aliyaona masanduku matatu. La ngamia lilikuwa la kuambiwa na mumewe. La taa lilikuwa la kuambiwa na kaka zake, waliotuma salamu. Kuhusu mti hakuna aliyemwambia chochote. Akaitia karatasi kwenye mti, akasikia ikigusa chini, akatoka akilificha tabasamu kwenye ushungi.

Njiani kurudi walipiga kelele kama ndege. Mama mkwe alisimulia kisa cha mtumbwi wa babu yake kule kwao penye mto, ambacho mkazamwana hakuwahi kukisikia kwa miaka ishirini na minane, na kwenye kilima cha mwisho Mama Bhanwar alikunja midomo akapiga mbinja, na ngamia mmoja wa Harkha, aliyekuwa amefungwa zizini, akang'oa kigingi akaja mbio.

Suraj alikuwa amekaa uani.

"Mama Bhanwar, chai!"

Mara ya kwanza hakuitika. Mara ya pili aliitika. Alipoinama kupuliza moto, Dhapu lilikuwa limekaa juu ya kihenge, linaning'iniza miguu.

"Umerudi?"

"Nimeitwa mara moja tu siku nzima," likasema jina. "Ungekaa wewe?"

Ngamia alishinda. Kisima kikachimbwa, kizuri, chenye ukingo wa saruji, ndani ya ukuta wa bwana mwenye ardhi, na wanawake wakaendelea na njia ile ile ya mchanga. Mwendo ukawa wenye gumzo zaidi, kwa kuwa majina nayo yalikwenda, na mitungi midogo. Kijiji kiliyazoea. Yalipewa kazi ya kuchunga mbuzi na kufukuza ndege wa uwele, na Harkha, aliyekuwa mkali kuliko wote, alionekana akilichongea jina la mkewe pia ya mti ya kuchezea, ingawa mkewe mwenyewe aliendelea kumwita "we." Mpakani msichana wa kitambaa chekundu alikuwa bado amekaa, wasafiri walisema askari walimjengea kibanda, nusu huku, nusu kule.

Majira ya kuchipua walikuja kumchukua Sugni. Mkokoteni wa ng'ombe wawili ulipakiwa vyungu, matandiko, sanduku la bati na bibi harusi. Ulipojaa, binti mwingine wa miaka kumi na sita, mwenye pua ile ile na kikuku kile kile, alibaki amesimama kizingitini.

"Na hilo je?" Mama Bhanwar akamwuliza mjomba wa bwana harusi, aliyeshika hatamu. "Nalo lina safari."

"Nafasi hakuna, shemeji."

"Halina uzito. Lipakate tu."

"Litafanya nini kwetu?" mjomba akasema, bila ubaya. "Kule ataitwa mke wa Moti. Limeshaandaliwa."

Ndani ya ushungi mwekundu Sugni alilia kama wanavyolia mabibi harusi wote, na hakuna aliyeweza kusema analilia lipi. Wapigangoma wakapiga. Magurudumu yakazunguka. Suraj alitembea kandokando hadi kwenye kona, akarudi akijifuta macho na ncha ya kilemba, akaingia ndani.

Jina lilikaa kizingitini, likakumbatia magoti.

Mama Bhanwar alikwenda jikoni, akafunga mikate minne kwenye kitambaa, ya samli yote minne, akarudi, akalishika mkono akaliinua.

"Nenda."

"Mimi? Majina hubaki."

"Langu lilibaki. Lione lile pale kwenye kihenge, miaka yote hiyo na halijaota hata jino. Nenda sasa, alama za magurudumu bado zinaonekana. Ukifika wiki hii atakutambua."

"Wakinifukuza?"

"Watakufukuza. Kaa kisimani. Hakuna mwanamke asiyekuja kisimani."

Jina likafikiri, likachukua mikate, likaingia kwenye alama ya gurudumu la kushoto, likaanza kutembea. Dhapu lilishuka kwenye kihenge likalisindikiza hadi zizini kwa Harkha, Jamna likikimbia nyuma na bangili zake. Lenye mikate lilipokaribia kupotea, Mama Bhanwar alisogeza ushungi nyuma ya masikio, barabarani, mbele za watu, akaita kwa nguvu zake zote.

"Sugni!"

Jina liligeuka, likapunga kitambaa cha mikate, likaendelea.

"Mama Bhanwar!" mama mkwe akaita kutoka ndani. "Makelele ya nini? Ng'ombe anakamwa na nani?"

"Nakuja, mama," akasema, akashusha ushungi, akaenda kukama.